Chai Iliyokuja Bila Kuonjwa

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema usije ukanishangaa huko mbele. Nikinunua nyanya nazigeuza zote, moja moja. Nikipeleka simu kwa fundi nasimama nyuma yake mpaka amalize. Mtu akinisifia gauni najiuliza anataka nini. Mume wangu, Baba Rama, husema serikali ilikosa mpelelezi mzuri sana siku nilipoamua kujifunza cherehani. Kwa hiyo mgongo uliponishika sikuuliza nina ugonjwa gani. Niliuliza nani kaniletea.

Naandika kwa sababu sasa natembea, na kwa sababu binti aliyenifundisha kutembea upya ameniomba. "Mama," aliniambia, "wengi wananijia hapa wamechelewa, na sababu zao ni kama zako. Waandikie." Mambo ya mifupa na mishipa waulize madaktari. Mimi nitasimulia yaliyonipata, na aibu yangu ikiwemo.

Nina kibanda cha kushonea Kimisagara, kule chini bondeni, chenye vyerehani viwili vya kukanyaga kwa mguu. Kimoja changu, kingine anakitumia wifi yangu Zubeda, mdogo wake Baba Rama. Alipofiwa na mumewe nilimwita mimi mwenyewe aje tushone pamoja, na nikampa nafasi ya mlangoni, kwa kuwa macho yake hayana nguvu na mlangoni ndiko kwenye mwanga. Nilifanya hivyo kwa roho nyeupe, wallahi. Lakini mlangoni ndiko wanakopitia wateja. Mtu akiingia na kitambaa chake, anayemwona kwanza ni nani? Zubeda. "Karibu mama, keti." Mpaka anifikie mimi huku ndani karibu na pasi, ameshapimwa kifua, kiuno na mikono. Mwaka mzima niliyatazama hayo nimenyamaza, na moyoni nachemka.

Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, niliwahi kibandani kabla yake. Niliamua kwamba leo nahamia mlangoni. Cherehani cha kukanyaga, kama hukijui, kina kichwa cha chuma kizito na meza yenye miguu ya chuma, na mtu mwenye akili hukihamisha na mwenzake. Mimi nilikuwa peke yangu, kwa sababu sikutaka mtu aone ninachofanya. Niliinama, nikakumbatia kichwa cha cherehani cha Zubeda, nikakinyanyua, nikajipinda nacho kupita katikati ya meza, nikakitua chini. Kisha nikafanya hivyohivyo na changu. Halafu nikaburuta meza zote mbili. Katika kule kujipinda nilisikia kitu kiunoni, kama uzi unaokatika, basi. Hakikuuma. Nikajifuta jasho, nikakaa mlangoni kwenye mwanga wangu.

Zubeda akaja na chupa ya chai ya tangawizi kama kila siku. Akasimama. Akatazama cherehani chake kule ndani gizani. Nikangoja aseme neno, maana majibu nilikuwa nayo tayari mdomoni. Alinisalimia tu, akanimiminia chai, akanipa kikombe, akaenda kukaa ndani.

Hakuionja.

Kwetu Rwanda ukimpa mtu kinywaji unapiga funda moja kwanza, mbele ya macho yake, ndipo unampa. Ni kumwambia kwamba hakuna kitu humu. Hata sisi Waislamu wa mjini, tunaozungumza Kiswahili nyumbani tangu enzi za mababu, tumekulia humo na hatujui kuishi vingine. Zubeda alikuwa ameonja kila kikombe alichowahi kunipa. Siku ile, siku niliyomtoa mlangoni, hakuonja. Nami nilikunywa, kwa sababu mkono ulishapokea na kiburi hakikuniruhusu kurudisha. Kabla ya adhuhuri mguu wangu wa kulia uliwaka moto, kuanzia takoni mpaka kidole gumba. Nilipiga chafya nikaona giza.

Sasa niambie, wewe ungemshuku nani?

Kituo cha afya walinipa vidonge na swali moja: "Ulinyanyua kitu kizito?" Nikajibu sijanyanyua kitu. Kusema kweli kungenilazimu kueleza nilikuwa nahamisha nini, kwa nini, na kwa nini kwa kujificha. Zubeda ndiye aliyenisindikiza. Alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yangu, ameshika kadi yangu ya mituweli, ile bima ya afya. Niliposema sijanyanyua kitu, aliinamisha macho chini. Aha, nikasema moyoni, macho yameinama. Nikaliweka hilo akibani.

Masika yale yalikuwa marefu. Mwili ulipinda upande wa kushoto, ukiniona kwa nyuma ungedhani nachungulia dirisha la jirani. Nililala sakafuni na mto katikati ya magoti. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kulinitoa machozi, nikaanza kujinyima maji ya kunywa ili nisiende mara kwa mara. Kukohoa nilikuogopa kuliko mwizi. Kidole gumba kilikuwa na ganzi. Nilikichoma kwa pini ya kushonea nisisikie chochote. Kazi sikuweza, kwa sababu mguu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani, na mimi bila mguu huo ni mama tu aliyekaa. Hicho ndicho nilichokuwa naomba katika kila dua. Sikuomba urefu wa maisha, niliomba mguu wangu urudi kwenye pedali.

Majirani walikuja, kila mmoja na dawa yake. Mmoja akaniinamia sikioni: "Mama Rama, una hakika hukulishwa kitu?" Mtu kama mimi haambiwi neno hilo mara mbili. Tangu siku hiyo chai ya Zubeda niliimwaga dirishani akigeuka. Uji niliunusa. Na yeye alizidi kuja! Alikuja kila jioni akitoka kibandani, akaleta beseni, na kwa kuwa mimi sikuweza kuinama, akawa ananiosha miguu ninapotawadha. Alinishika kisigino taratibu, akaosha mpaka katikati ya vidole. Nami nilikuwa najiuliza: mtu asiye na hatia anaipata wapi subira yote hii?

Kituo cha afya kiliniandikia transiferi, ile barua ya kukupeleka hospitali kubwa, na hospitali kubwa ikanipa siku ya kurudi, mbali sana. Nilikaa kwenye mabenchi yale nikiwatazama wenzangu. Mzee mmoja alikuwa anasubiri amesimama, ameegemea ukuta kwa kipaji cha uso, kwa sababu kukaa hakuweza. Tulitazamana tukacheka kidogo. Cheko lile lilinifaa kuliko vidonge. Lakini siku ya miadi ilikuwa mbali, na akili yangu ilikuwa imeshapata mshitakiwa.

Nikasikia habari za mama mmoja huko Gahanga anayewatapisha watu waliolishwa sumu. Baba Rama alikuwa kazini Kinyinya, anapaka rangi nyumba mpya. Nilimwambia kwa simu kwamba nakwenda kumsalimia binamu yangu. Nikapanda pikipiki, mimi na mgongo wangu, na kila tuta nililipokea kwa kuita jina la Mungu. Dereva akaniuliza: "Mama, ninakwenda mbio?" Nikamwambia endesha tu, ndugu yangu, nishazoea.

Usidhani yule mganga sikumshuku. Nilikagua sufuria. Nilimwambia aionje dawa yake mwenyewe, akaigusa kwa ncha ya ulimi, nikaridhika. Akaniuliza nani alinipa kinywaji siku ya kwanza, nikamweleza yote: wifi, chupa ya chai, kikombe kisichoonjwa. Akafumba macho kwa muda, kisha akasema: "Naona mwanamke. Ni wa ukoo wa mumeo." Nikastaajabu amejuaje! Mimi, mpelelezi!

Nikanywa. Nikapiga magoti mbele ya beseni nikatapika. Nilitapika chai ya asubuhi, nikatapika maji, nikatapika upepo. Kila nilipojikamua, kiuno kilivutwa kama kinang'olewa. Nilimwambia basi, akasema bado, sumu iko chini. Nikajikamua tena, na safari hiyo nikasikia moto ukishuka mguuni kwa mkupuo mmoja, halafu ukazimika ghafla. Nikashukuru. Nikadhani imetoka. Niliposimama kuondoka, wayo wa kulia ulipiga sakafu *pa*, kama samaki anayetupwa mezani. Nikajaribu kuinua vidole, havikunitii. Nilitoka nje nikapiga hatua tatu, yule mama akaniita: "Ndala yako!" Nilikuwa nimeiacha mlangoni, na mguu haukuwa na habari.

Niliketi chini pale uani nikampigia Baba Rama. Alikuja na gari la kukodi, na ndani ya gari alikuwepo Zubeda, kwa kuwa alimpitia kibandani njiani. Alinishika kwapani, akaniingiza, akaniwekea kanga yake nyuma ya mgongo.

"Ulikuja kufanya nini huku?" Baba Rama aliuliza.

Maumivu na hofu vikanifungua mdomo. "Muulize dada yako," nikasema. "Muulize aliniwekea nini kwenye chai."

Dereva akapunguza redio, halafu akaona haya akaiongeza tena. Zubeda alikuwa ameniegemeza begani kwake, kwa hiyo nilisikia pumzi yake ikikatika na kurudi. Hakuuondoa mkono wake. Alisema neno moja tu, "Sawa," na mpaka tunafika hospitali hakuongeza lingine.

Tangu siku ile Baba Rama aliacha kuniita Mama Rama. Aliniita "wewe." Usiku alilala sebuleni, akisema ananipa nafasi ya mgongo.

Hospitali, mguu ulipoonekana, hawakuningojesha tena. Waliniingiza kwenye mashine ya picha inayogonga kama vijana wa kugongagonga mabati. Daktari alinionyesha: kati ya mifupa miwili ya chini ya uti wa mgongo, ile diski inayokaa katikati ilikuwa imechomoza na kuukalia mshipa wa fahamu wa mguu. Akaniuliza kama nilikohoa sana, nilianguka au nilijikamua karibuni. Baba Rama akajibu kwa niaba yangu, kavu: "Alikwenda kutapishwa." Daktari alinitazama, akatingisha kichwa, akaandika. Hakunicheka, na sijasahau hilo.

Akasema hivi, na wewe unayesoma ushike: mkojo ukigoma, au sehemu za siri zikifa ganzi, nirudi saa hiyohiyo, nisisubiri miadi wala mtu yeyote. Kwa sasa angenipa wiki sita za mazoezi, akiupima mguu kila baada ya muda. Kama wayo hautaanza kuinuka, atapasua. Nikamshuku na yeye. Nilidhani anatafuta mgongo wa kufundishia wanafunzi wake.

Zubeda aliendelea kuja. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa. Ila sasa kila alichonipa alikionja mbele yangu. Chai, uji, hata maji ya vidonge. Aliinua kikombe usawa wa macho yangu, akapiga funda, akameza nione, akanipa. Nilikuwa nimelitaka funda hilo miezi miwili, na sasa nilipolipata kila kikombe nilikinywa nimegeukia ukuta.

Mazoezi nilifanyiwa na binti mmoja anaitwa Diane, Mnyarwanda aliyekulia Ngara, Kiswahili chake cha Tanzania kimenyooka, "shikamoo mama" kabla ya yote. Nilitegemea sindano, umeme, walau kukandwa. Akaniambia nilale chali nipumue. Nimepigwa changa la macho, nikajisemea. Nimepanda mabasi mawili kuja kufundishwa kupumua?

Kisha akaiona futi yangu ya kupimia. Huwa inakaa shingoni hata nikiwa mgonjwa. Akaichukua, akaizungusha kiunoni mwangu, akanishikisha ncha zake. "Kaza tumbo kidogo, mama. Mbele, ubavuni, na nyuma. Pande zote ziisukume futi. Usizuie pumzi. Sasa inua mguu, lakini futi isilegee." Nilijaribu. Ililegea. Nikajaribu tena, ikalegea. Mimi niliyepima viuno vya Kimisagara nzima sikujua changu kinafanya nini. Siku ya nne futi ilitulia, na kwa mara ya kwanza tangu masika niligeuka kitandani bila kupiga ukelele. Nikamtazama yule binti kwa jicho jingine, ingawa si lote.

Siku nyingine alinipigisha magoti na mikono, kama mtoto anayetambaa, niinue mkono wa kushoto na mguu wa kulia kwa pamoja. Akaniwekea chaki yangu ya kushonea kiunoni. "Ikianguka, umeyumba." Ilianguka mpaka ikavunjika vipande vitatu. Nikafanya na vipande.

Halafu akaniuliza naswali vipi. Nikamwambia kwenye kiti. Akasema nimwonyeshe nilivyokuwa naswali zamani, polepole, mpaka pale panapouma. Nikainama rukuu kama nilivyozoea miaka yote, mgongo umekunjwa kama mtu anayeokota sindano. Akaniwekea kiganja kiunoni. "Usikunje hapa. Kunja nyonga, makalio yaende nyuma, mgongo unyooke." Huyu ni binti wa Kikatoliki, ana msalaba shingoni, ananifundisha rukuu! Na ndivyo hasa maalimu alivyotufundisha madrasa tukiwa wadogo, mgongo uwe bapa, nikaacha kumsikiliza nilipokua. Kumbe nimekuwa nikiinama vibaya mara tano kwa siku, ukiacha cherehani.

Lakini mguu ulikuwa kimya. Wiki ya tatu nilisimama ukutani nijaribu kukanyagia kisigino, wayo ukalala. Wiki ya nne, vilevile. Mvua zilikuwa zimeisha, vumbi la kiangazi limeanza kuingia dirishani, nami nilikuwa nahesabu siku za kisu. Nililia sana wiki ile. Nilimwambia Baba Rama kwamba nikipoteza mguu huu auze cherehani, nisikione. Akakaa kitandani, akanishika mkono, akasema: "Mama Rama, kwanza tuone." Nilifurahi kusikia jina langu.

Jioni moja Zubeda alikuwa ananiosha mguu nitawadhe. Akaacha ghafla, maji yanachuruzika. "Wifi," akasema. "Kimetikisika."

"Umekivuta wewe," nikasema.

Akaviinua viganja vyake vyote viwili juu nivione. Nikakitazama kidole gumba changu, nikakiomba. Kikainuka, kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Kikashuka. Kikainuka tena. Tulitazamana, na alikuwa analia, nami nikashindwa kabisa kumtafutia sababu ya kulia. Nilikwama hapo. Nilitafuta na sikupata.

Wiki ya sita wayo ukaanza kuinuka, Diane akashangilia, akanizungusha chumba kizima kwa visigino. Kisha akakaa kwenye kiti mbele yangu. "Mama, umeanza kupona, kwa hiyo utarudi kazini. Nikiwa sijui uliumiaje, nitakurudisha ukaumie vilevile. Ulinyanyua nini?"

Mdomo ulitaka kusema sijanyanyua kitu, umeshazoea. Badala yake nikasimama, nikachukua kiti chake cha chuma, nikamwonyesha: niliinama hivi, nikakumbatia hivi, nikajipinda hivi. Aliniwahi kabla sijakinyanyua.

"Hivyo ndivyo," akasema. "Na ukaenda kutapishwa kwa nini?"

"Niliambiwa nimelishwa."

"Na uliyemshuku umeshamwambia haya?"

Nilivaa ndala zangu, zote mbili, nikiwa na habari nazo.

Daktari alinipima akasema hapasui kwa sasa. Ganzi ya kidole huenda ikabaki, mguu utarudi taratibu, nisiache mazoezi. Siku ya pili nikashuka ngazi za Kimisagara kwa mara ya kwanza tangu masika, futi kiunoni chini ya gauni, nikipumzika kila baada ya ngazi kumi. Nilikuwa najua nitakachokuta. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimeapa kwamba Zubeda amesharudi mlangoni na amehamisha wateja wangu wote, na nilikuwa nimejiandaa kumsamehe kwa sauti.

Nilifika mlangoni nikasimama. Cherehani changu kilikuwa palepale nilipokiacha, kwenye mwanga, kimefunikwa kitambaa safi, hakina vumbi. Zubeda alikuwa ndani gizani karibu na pasi, uso ameuinamisha mpaka karibu anagusa sindano, anatunga uzi kwa kupapasa. Miezi yote ile, na macho yale.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wifi," nikasema. "Siku ile nilinyanyua cherehani. Chako na changu. Peke yangu. Ndipo nilipoumia. Chai haikuwa na kitu."

Aliendelea kutunga uzi. Ukaingia. Akaufunga fundo.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimefika. Nilisimama pale nje kwenye ngazi na chupa yangu, nikakuona umekumbatia cherehani changu. Nikarudi nyuma nisikuaibishe. Nikangoja umalize, mvua ikininyeshea." Akageuza nguo, akautazama mshono. "Nilipoingia nilikuwa nimeona haya kuliko wewe. Nikakumiminia chai haraka, nikasahau kuonja. Nimeukumbuka usahaulifu ule kila siku."

"Mbona hukusema? Kule kituoni, kwenye gari, kokote!"

Hapo ndipo alipoinua uso. "Ningesema nini, wifi? Ungesema nakuchunguza."

Alikuwa amesema neno la haki, na mimi ndiye ninayejua kuliko wote kwamba ni la haki. Nililia pale kwenye kiti cha wateja, na mama mmoja aliyekuja kushonesha sare ya mwanawe akaghairi akarudi.

Tulivihamisha vyerehani siku hiyohiyo, wawili, kila kichwa kimoja kwa mikono minne. Nilikunja nyonga, nikakaza tumbo pande zote, nikageuza miguu badala ya kiuno. Yeye mlangoni, mimi ndani. Kama una mgongo kama wangu, jambo la kuondoka nalo ndilo hilo: usinyanyue peke yako kitu ambacho hutaki watu wakione, na daktari akikuuliza ulinyanyua nini, mjibu.

Siku iliyofuata niliamka mapema. Nilichemsha chai ya tangawizi nyumbani, nikaibeba kwenye chupa, nikamkuta ameshakaa kwenye mwanga wake. Nikammiminia. Nikakiinua kikombe usawa wa macho yake, nikapiga funda, nikameza aone, nikampa kwa mikono miwili.

Zubeda alikitazama kikombe. Hakupokea.

"Onja tena," akasema.

Nikaonja tena.

"Tena."

Nilimtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nikaonja mara ya tatu, na ya nne, chai ya moto inaniunguza ulimi, nimesimama mbele yake kwa miguu yangu miwili, mpaka kikombe kikafika nusu. Ndipo akanyoosha mkono, akakipokea, akanywa iliyobaki.